Dakika 90 kati ya ndege mbili, zinatosha au nimeingia mkenge?

"Habari mtaalamu. Mwezi ujao nasafiri na mama yangu, ana miaka 68 na magoti yanamsumbua. Nikikata safari nzima kwa tiketi moja bei iko juu sana, ila nikikata tiketi mbili tofauti naokoa hela nyingi. Ndege ya kwanza inafika uwanja wa katikati 14:10, ya pili inaondoka 15:40, zote za kampuni moja. Tuna mabegi mawili makubwa ya kupeleka chini. Kuna ndege nyingine ya alfajiri ila nimeiruka makusudi ili mama asisumbuke kuamka. Shemeji yangu anasema niache woga, programu isingeniuzia kama muda hautoshi, na tukichelewa ndege ya pili itatusubiri maana kampuni ni hiyohiyo. Yuko sahihi? Na tukiachwa nina haki gani? Bado sijalipa, nimeishia kwenye ukurasa wa malipo."

Usilipe kwanza. Nashukuru umeuliza ukiwa bado hapo, maana wengi wananiandikia wakiwa wameshakaa sakafuni uwanja wa ndege, simu ina chaji asilimia tatu, na hapo ushauri unaobaki ni mmoja tu, tafuta soketi.

Nikikuelewa vizuri una hofu tatu umezifunga furushi moja: muda unatosha au la, ndege itasubiri au la, na tukiachwa nani analipa. Nimekaa dawati la abiria wanaobadilisha ndege miaka mingi na nakwambia hiyo ya tatu ndio kubwa lao. Ukishajua nani analipa, hizo nyingine mbili zinajijibu.

Tuanze na shemeji, maana hajakosea kote. Ni kweli kwamba kila uwanja una muda wake wa chini kabisa wa kubadilisha ndege, umewekwa kwenye mifumo ya kuuzia tiketi duniani kote, na mfumo haukuuzii tiketi moja yenye muda mfupi kuliko huo. Vienna kwa mfano unajulikana kwa dakika 25 tu, Frankfurt 45, na ndani ya uwanja mmoja muda unabadilika kutegemea unatoka jengo gani kwenda jengo gani, na kama unatoka nje ya nchi au safari ya ndani. Lakini hiyo kazi mfumo unaifanya kwenye tiketi MOJA. Ukikata mbili, mfumo haujui kwamba zinahusiana, kwake wewe ni mtu aliyenunua safari huku na mtu mwingine aliyenunua safari kule. Ungeweza kukata ya kwanza inayofika 14:10 na ya pili inayoondoka 14:15, ikachukua hela yako na kukutakia safari njema. Na hata huo muda wa chini, kumbuka umepigiwa hesabu mtu anayetembea vizuri, ambaye hapotei njia, na ndege yake imefika kwa wakati. Mama mwenye magoti hayumo kwenye hesabu hiyo.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaanguka: kampuni moja sio tiketi moja. Angalia namba ya bukingi, zile herufi na tarakimu sita. Kama safari zote ziko chini ya namba moja na zimekatwa kama safari moja, kampuni imekuahidi kitu kimoja, kukutoa mwanzo kukufikisha mwisho. Ikikuchelewesha njiani ikakukosesha ndege ya pili ni tatizo lao, wanakutafutia kiti ndege inayofuata bila kukudai, na siku hizi mara nyingi mfumo unakuwa umeshakuhamisha wakati bado uko angani, unashuka unakuta ujumbe kwenye simu. Kama namba ni mbili, ahadi ni mbili. Ahadi ya kwanza ni kukufikisha uwanja wa katikati, na wakikufikisha saa nne baadaye bado wametimiza, wamechelewa tu. Ahadi ya pili inasema utokee kaunta kabla ya muda fulani, usipotokea umeandikwa hukutokea, basi. Kwanini hukutokea kwa kawaida hawaulizi, hata kama aliyekuchelewesha ni wao wenyewe asubuhi ileile.

Na kuna kipande kingine hakisemwi sana. Kama hiyo tiketi ya pili ni ya kwenda na kurudi, ukikosa kipande cha kwanza kampuni nyingi zinafuta na vipande vyote vilivyobaki. Yaani unajitafutia njia nyingine kwa gharama zako unafika unakokwenda, umetulia, wiki mbili baadaye unaenda uwanjani kurudi nyumbani unaambiwa hauna tiketi. Nimeliona hilo dawatini mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka na hakuna cha kumsaidia mtu zaidi ya kumuuzia tiketi mpya kwa bei ya siku hiyo.

Kinyume chake pia kipo, wala usiogope ukiona majina mawili ya kampuni kwenye tiketi moja. Kampuni zina mikataba ya kubebeana abiria, moja inaweza hata kuweka namba yake kwenye ndege ya mwenzake, na mradi bukingi ni moja ulinzi upo. Kwahiyo jina lililoandikwa ubavuni mwa ndege lisikuchanganye, swali ni namba ya bukingi.

Haya, kusubiri. Ndege zinasubiri? Zinasubiri, mara mojamoja. Kama kuna kundi kubwa la abiria wanatoka ndege moja iliyochelewa na ndio ndege ya mwisho ya siku, chumba cha uendeshaji kinaweza kuamua kushikilia dakika kumi, kumi na tano. Lakini wanapiga hesabu, nani atakosa ndege huko mbele tukisubiri, marubani wamebakiza saa ngapi za kazi kisheria, na kwenye anga zenye msongamano tutapoteza zamu yetu. Barani Ulaya ndege iliyopewa zamu ya kuruka ina dirisha la dakika 15 tu, kuanzia dakika 5 kabla ya saa yake hadi 10 baada, ikilikosa inaomba zamu mpya na zamu mpya inaweza kuja baada ya saa nzima. Sasa kwenye hesabu hiyo yote wanaangalia orodha ya abiria wanaounganisha, na mwenye tiketi mbili hayumo kwenye orodha hiyo. Hawajakukatalia, hawakujui. Nakumbuka jioni moja nimeshika simu nambembelezea mama mmoja na wanawe wawili, mwenzangu upande wa pili ananiuliza "wako wapi hao, mimi siwaoni kwenye skrini", na kweli hawakuwepo, walikuwa na tiketi mbili.

(Ukiwahi kusikia jina la mtu linaitwa kwenye spika mara tano na ndege imemsubiri, mara nyingi sio huruma. Mtu aliyekabidhi begi halafu hatokei, begi lake sharti litolewe, sheria iliyokazwa baada ya ndege ya Air India namba 182 kulipuliwa mwaka 1985 kwa bomu lililokuwa kwenye begi lisilo na mwenyewe ndani ya ndege. Kuchimbua begi moja kati ya mia mbili kunaweza kula dakika nyingi kuliko kumsubiri mwenyewe amalize kununua manukato.)

Sasa tuzipige hesabu dakika zako 90, tuseme ndege imefika sawasawa na ratiba. 14:10 ni ile saa ndege inaposimama mahali pake pa kuegesha. Mlango ufunguliwe, watu watoe mabegi ya juu, foleni isogee, na kama mama ameombewa kiti cha magurudumu kwa kawaida mtashuka mwisho kabisa, tuiite 14:35. Kwa tiketi mbili mabegi yenu yanaishia hapo, kwahiyo mnapita uhamiaji, mnagongewa mihuri, mnaenda kwenye mkanda kusubiri mabegi, sasa ni 15:05 kama mambo yamekwenda vizuri sana. Halafu mnatoka nje mnapanda juu kwenye kaunta za kuondokea kukabidhi mabegi upya. Kaunta ya ndege ya 15:40 imefungwa saa ngapi? Safari za kimataifa kampuni nyingi zinafunga kupokea mabegi dakika 60 kabla, yaani 14:40. Umeona? Kaunta imefungwa dakika 25 kabla haujaliona begi lako. Kwahiyo hata ndege ya kwanza ikifika kwa wakati, wewe hiyo ya pili umeshaikosa toka siku uliyolipa.

Chukua dakika 90 hizohizo kwenye tiketi moja. Mabegi yanahamishwa huko chini na watu wake, bodingi pasi ya pili unayo mkononi toka ulikotoka, uhamiaji kwa kawaida haupiti, kazi yako ni kupita ukaguzi wa usalama na kufika getini kabla halijafungwa. Geti nalo lisikudanganye, 15:40 ni saa ndege inapoanza kusukumwa nyuma na geti linafungwa dakika 15 hadi 20 kabla, kwahiyo saa yako halisi ni 15:20. Kutoka 14:35 mpaka 15:20 una dakika 45, na msukuma kiti cha magurudumu anajua njia za mkato. Inawezekana kabisa, ila imebana, na kwa mama mimi ningetafuta yenye saa mbili na nusu au tatu. Zaidi ya nne mnaanza kuchoka bure.

Kuna kampuni ukiwaonyesha tiketi zote mbili kaunta ya mwanzo wanakubali kuweka lebo ya begi mpaka mwisho wa safari, na kuna zilizokataza kabisa. Usijenge mpango wako juu ya hisani ya mtu wa kaunta ambaye hata haujakutana naye. Na anayekukubalia begi hajakukubalia hatari, begi litafika wewe umebaki.

Visa je, umeiangalia? Hapa tiketi mbili zinauma zaidi kuliko hela. Kutoka kuchukua begi maana yake unaingia nchi ya watu, hauko transiti tena, kwahiyo unatakiwa uwe na ruhusa ya kuingia nchi hiyo hata kama utakanyaga ukumbi wa mabegi tu. Kaunta ya mwanzo wakiona hauna wanaweza kukukatalia kupanda hata hiyo ndege ya kwanza, maana kampuni inayokubeba bila karatasi inapigwa faini na kukurudisha ni kazi yake. Kwa tiketi moja viwanja vingi unapita transiti bila kuingia nchi, ila sio vyote na sio pasi zote za kusafiria, baadhi ya nchi zinadai visa ya transiti hata kwa asiyetoka nje ya jengo. Na Marekani ni ya peke yake: hakuna transiti ya kubaki ndani, kila anayefika kutoka nje anapita uhamiaji kwenye uwanja wa kwanza anaotua na kwa kawaida anachukua begi lake kulikabidhi upya, tiketi moja au kumi, isipokuwa wachache waliokaguliwa na maafisa wa Marekani kabla ya kupanda ndege kwenye viwanja vyenye utaratibu huo. Ukipita Marekani, dakika 90 zifute kichwani. Upande wa Schengen, yaani nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa mipaka kati yao, uhamiaji unapita kwenye nchi ya kwanza ya eneo hilo hata kama unaelekea nchi nyingine ndani yake, na toka 12 Oktoba 2025 umeanza mfumo mpya wa kuchukua alama za vidole na picha ya uso kwa wageni, kwahiyo mara ya kwanza foleni inakwenda taratibu.

Kingine kidogo ila nimekiona kikiumiza watu wazima na akili zao: angalia kama uwanja unaotua ndio uwanja unaondokea. London unaweza kutua Heathrow ukaondokea Gatwick, Paris ukatua Charles de Gaulle ukaondokea Orly, Tokyo ni Narita na Haneda. Tovuti inaandika jina la mji kwa herufi kubwa na uwanja kwa herufi za kuchungulia.

Turudi kwenye ile ndege ya alfajiri uliyoiruka, maana hapo ulifanya kwa upendo lakini umefanya kinyume. Watu wanadhani ndege yao imechelewa kwa sababu ya kitu kilichotokea pale uwanjani kwao. Mara nyingi sio. Ndege moja ya safari fupi inaweza kupiga safari nne, tano, sita kwa siku, inatua, inashusha, inasafishwa, inapakia, inaondoka, na muda wa kugeuza umebanwa mno, dakika 40 au pungufu. Ikichelewa nusu saa kwenye safari ya kwanza, haina pa kuirudishia hiyo nusu saa, inaibeba mpaka safari ya pili, ya tatu nayo inaongeza zake, ni kama daladala ya foleni ya jioni. Sisi kazini sababu za kuchelewa zina namba zake, na ile ya ndege kufika imechelewa kutoka safari iliyotangulia ni 93. Ukikaa na orodha ya siku nzima, kuanzia mchana utaona 93, 93, 93. Ulaya, ambako takwimu zake zinatunzwa vizuri, ucheleweshaji wa kurithi ndio fungu kubwa kuliko sababu nyingine yoyote, mwaka baada ya mwaka.

Ndege ya kwanza ya siku kwa kawaida haina cha kurithi. Imelala palepale uwanjani, mafundi wameikagua usiku, marubani wametoka kupumzika na saa zao za kazi bado mbichi. Hizo saa ni muhimu kuliko watu wanavyojua, kuna kikomo cha kisheria, rubani akikifikia hapo hata ndege iwe nzima na anga jeupe hairuki mpaka apatikane mwingine, na hilo balaa mara nyingi linatokea jioni kuliko alfajiri. Hali ya hewa nayo: mawingu ya radi yanajengwa na joto la ardhi, ardhi inapata joto mchana, kwahiyo radi nyingi ni kuanzia mchana kuelekea jioni. Ila nikwambie ukweli wote, kuna viwanja asubuhi ndio adui, Delhi mwezi Desemba na Januari ukungu unafunga asubuhi na ndege zinapangana mpaka mchana. Kwahiyo angalia uwanja wako na msimu wako, usiimeze sheria hii nzima.

Na hata alfajiri ikiharibika, bado una siku nzima mbele yako yenye ndege nyingine. Hapa kuna kitu mimi nakiangalia kabla ya bei: baada ya hiyo ndege ya pili ya 15:40, kuna nyingine siku hiyohiyo? Kama zipo mbili tatu, kukosa moja ni usumbufu. Kama hiyo ndio ya mwisho, au ndege yenyewe inakwenda mara tatu kwa wiki, kukosa ni msiba. Sasa pima mwenyewe, mama kuamka saa tisa usiku siku moja, au mama kulala kwenye viti vya chuma uwanja wa ugenini. Mlaze mapema, dawa zake ziwe kwenye mkoba wa mkononi, zisiende chini kamwe.

Kabla sijasahau, saa za tiketi. Zinaandikwa kwa mtindo wa saa 24 na kila saa ni ya mji husika, kwahiyo 14:10 ni saa nane na dakika kumi mchana ya huko mnakotua, sio ya kwenu. Na ile inayowamaliza watu: 00:30 tarehe 14 ni usiku wa tarehe 13, saa sita na nusu, yaani unatoka nyumbani tarehe 13 jioni. Kila mwezi nilikuwa napata mtu anayekuja amependeza tarehe 14 usiku, ndege yake imeondoka jana.

Sasa uchague nini. Mimi sitakwambia tiketi mbili ni dhambi, nimeshasafiri hivyo mwenyewe mara kadhaa, nikiwa peke yangu, na mkoba wa mgongoni, na nimelala usiku mmoja uwanja wa katikati makusudi. Hiyo ndio namna yake: pasiwe na begi la chini, visa ya nchi ya katikati unayo, na kati ya ndege mbili kuna saa tano au sita hivi, bora zaidi usiku mzima. Ila ukishaongeza chumba cha kulala, chakula na visa, ile hela uliyookoa inaanza kuyeyuka. Jiulize swali moja: nikikosa ndege ya pili, tiketi mbili mpya za siku hiyohiyo ninazo mfukoni? Kama jibu ni hapana, basi hiyo tofauti ya bei unayoikwepa sasa ni ada ya kumbebesha mtu mwingine hatari ambayo wewe hauwezi kuibeba.

Lakini kabla haujakata tamaa na bei jaribu hivi. Kwenye tovuti ya kampuni yenyewe kuna sehemu ya kutafuta safari ya miji mingi, ingiza vipande vyako vyote humo, tarehe zilezile, uone. Mara nyingine bei inatoka katikati, sio ya chini kama tiketi mbili, sio ya juu kama ile ya kwanza, na bukingi inakuwa moja. Jaribu pia siku moja kabla au baada, na uwanja mwingine wa katikati. Halafu chukua hizo namba za ndege nenda kwa wakala wa tiketi anayetambulika, ana kwa ana, mwambie "nataka hizi kwenye tiketi moja". Atakudai kaada kake, lakini ndege zikivurugika una mtu wa kumpigia. Kuna tovuti zinazokuunganishia tiketi mbili na kukuahidi dhamana ukiachwa, sio utapeli lazima, ila ujue dhamana hiyo ni ya tovuti na sio ya kampuni ya ndege, ukiwa umekwama saa nane usiku mwenye ndege hakujui, unabishana na kituo cha simu. Bima ya safari ni jambo zuri, nunua, ila soma kipengele cha kukosa ndege ya kuunganisha, bima nyingi hazilipi kama ulijiunganishia mwenyewe au uliacha muda mfupi kuliko waliouweka.

Haki zako zinategemea mnapita wapi. Safari inayoanzia uwanja wa Umoja wa Ulaya, au inayoingia huko kwa kampuni ya huko, inalindwa na kanuni namba 261 ya mwaka 2004: ukifika mwisho wa safari umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa lililo ndani ya uwezo wa kampuni, unalipwa euro 250, 400 au 600 kutegemea umbali. Hali mbaya ya hewa au uwanja kufungwa hulipwi fidia, ila chakula na mahali pa kulala bado ni juu yao. Uingereza wana sheria yao inayofanana, pauni 220, 350 na 520. Marekani ni tofauti, hakuna fidia ya namna hiyo, ila toka 2024 ndege ya kimataifa ikichelewa saa sita au zaidi (ya ndani saa tatu) na ukaamua kutosafiri unarudishiwa hela yako. Nchi nyingi pia zimesaini Mkataba wa Montreal wa 1999 unaokuruhusu kudai hasara halisi ya kucheleweshwa, pamoja na mambo ya mabegi: begi likiharibika andika malalamiko ndani ya siku 7, likichelewa ndani ya siku 21 toka ulipokabidhiwa, na usitoke ukumbini bila karatasi ya ripoti. Sasa angalia hayo maneno "mwisho wa safari". Kwa tiketi moja mwisho wa safari ni kule mnakokwenda. Kwa tiketi mbili, mwisho wa safari ya kwanza ni uwanja wa katikati, kwahiyo ukicheleweshwa dakika 50 tu ukakosa ndege ya pili, kwa hesabu ya sheria umechelewa dakika 50. Hakuna fidia ya dakika 50.

Ukishakata, kiti cha magurudumu omba siku hiyohiyo, na isiwe chini ya saa 48 kabla ya safari, usingoje kuomba pale kaunta. Ni bure, na msaada ule unamfuata mama mpaka geti la pili. Ingia kwenye bukingi yako kila wiki, kampuni zinasogeza ratiba kimyakimya, na zikisogeza muda wako ukawa mfupi mno una haki ya kuwaambia wakuhamishe bure. Siku yenyewe tazama lebo ya begi, herufi tatu kubwa ziwe za uwanja wa mwisho. Asubuhi hiyo fungua Flightradar24, programu ya kufuatilia ndege zikiwa angani, uangalie ndege yenu iko wapi. Kama ratiba inasema mnaondoka baada ya dakika 40 na ndege yenyewe bado iko angani mbali, unajua ukweli kabla ya tangazo. Na mkiachwa, mama akae, wewe ukiwa kwenye foleni ya dawati piga simu kampuni huku umefungua programu yao, popote pakijibu kwanza ndio hapohapo, na uwe umeshatafuta ndege unayoitaka, umtajie mhudumu namba yake. Mhudumu aliyechoka anamsaidia haraka anayekuja na jibu.

Mambo mawili usiyamalize kwangu. Visa ya transiti, piga simu ubalozi wa nchi ya katikati au nenda ofisi ya kampuni ya ndege na pasi zenu zote mbili mkononi, maana sheria zinabadilika na zinategemea uraia. Na magoti ya mama, kama amefanyiwa upasuaji karibuni, au mguu mmoja umevimba na unauma, au amewahi kupata damu kuganda, muone daktari kabla ya kukata tiketi na umwambie ni saa ngapi za kukaa. Kuna kampuni zitadai fomu ya daktari, na jibu lake linaweza kubadilisha hata urefu wa mapumziko ya katikati tuliokuwa tunaupigia hesabu hapa.